Kalamu Mkononi mwa Aliyepotewa na Maneno

*Hotuba juu ya kuwasaidia waliopatwa na kiharusi kurejesha maneno kwa njia ya kuandika, kama ilivyosomwa mbele ya wakazi wa kata za mwambao wa Ziwa Tanganyika.*



Nimeombwa niseme juu ya huduma kwa wagonjwa wa kiharusi. Mambo ya kiharusi ni mengi, nami leo nimechagua moja tu, lile ambalo familia nyingi hulikuta bila kutarajia siku mgonjwa anaporudi nyumbani. Uhai wake umesalimika, pengine ameanza hata kukanyaga chini, lakini maneno hayatoki. Anamtazama mkewe, anajua kabisa kuwa huyu ni mkewe, na jina lake haliji. Anataka maji, anasema “mlango”. Au analo neno moja tu, na kila aulizwalo hulijibu kwa neno hilohilo. Akipewa kalamu aandike shida yake, huandika herufi mbili za mwanzo, hukwama, kisha huiweka kalamu chini na kugeuza uso.

Wataalamu huiita hali hiyo afasia. Ningependa kila mmoja wetu aondoke hapa na jambo moja: mtu huyu amepotewa na njia ya maneno, hajapotewa na akili, na maneno machache yaliyochaguliwa vizuri, yakiandikwa kila siku nyumbani kwake, yaweza kumrudishia sehemu ya kauli yake, hata kama mtaalamu yuko mbali.

Afasia ni nini

Kiharusi hutokea damu inapoacha kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama kwa sababu umepasuka. Sehemu iliyokosa damu huumia, na kazi iliyokuwa ikifanywa na sehemu hiyo huharibika. Kwa watu walio wengi, lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo. Upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana mara nyingi mtu aliyelegea upande wa kulia huwa pia amepotewa na maneno.

Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alimweleza mgonjwa mmoja aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi moja, “tan”. Alielewa mengi aliyoambiwa, na alijitahidi kujibu kwa ishara. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke wa Ujerumani akaeleza aina nyingine, ambayo mgonjwa husema kwa wepesi, maneno yakimiminika, lakini maana haishikiki, na yeye mwenyewe haelewi vizuri anayoambiwa. Basi tangu zama za mababu zetu imejulikana kuwa chanzo cha hali hii ni jeraha la ubongo. Hakuna haja ya kumtafuta jirani wa kumshutumu, wala ya kumwita mgonjwa mwendawazimu.

Kiharusi si ugonjwa wa nchi za mbali. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika Wilaya ya Hai na katika sehemu ya Jiji la Dar es Salaam, ulionyesha kuwa kwa mwaka mmoja watu wapatao 109 katika kila watu 100,000 walipatwa na kiharusi Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam, baada ya hesabu kulinganishwa kwa umri. Kati ya wanaopatwa na kiharusi, takriban theluthi moja hupata afasia katika siku za mwanzo. Wengine hupona ndani ya wiki au miezi michache. Wengine huishi nayo miaka.

Kwa nini kuandika

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa ulimi umekwama, kalamu itafanya nini? Ni kweli kwamba afasia kwa kawaida hugusa kusema, kuelewa, kusoma na kuandika kwa pamoja, kila kimoja kwa kiasi chake. Lakini neno lililoandikwa lina faida ambazo neno la mdomo halina. Neno la mdomo likishatamkwa limetoweka. Neno la karatasini hungoja. Mgonjwa aweza kulitazama kwa muda wake, kulifuatisha kwa kidole, kulinakili bila haraka na bila kuchekwa. Tena wapo watu ambao kinywa kimefungwa kabisa, na mkono ukafunguka kidogo. Mtu wa namna hiyo akiweza kuandika “maji”, amekwisha kuomba maji.

Mwaka 1999 Pélagie Beeson wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, alichapisha maelezo ya tiba ya kuandika iliyo nyepesi kiasi cha kufanyika mezani nyumbani. Msingi wake ni huu: mgonjwa huoneshwa picha au kitu, hunakili jina lake mara nyingi, kisha neno hufunikwa naye hujaribu kuliandika kutoka kichwani. Kazi kubwa hufanyika nyumbani, kila siku, kwa maneno machache kwa wakati mmoja. Tiba hii na zilizo dada zake zimewasaidia hata watu ambao kiharusi kiliwapata miaka kadhaa kabla. Kwa hiyo asije mtu akasema mwaka umekwisha, mlango umefungwa.

Lakini lazima niwe mkweli kwenu. Faida ya mazoezi haya huonekana zaidi katika maneno yaliyozoezwa. Mtu akizoezwa kuandika “mashua”, haifuati kwamba kesho ataandika “nanga” peke yake. Wapo wanaopata maneno mengi, na wapo wanaopata machache. Kwa sababu hiyo swali lililo kubwa kuliko yote ni hili: tuchague maneno yapi?

Maneno ya maisha yake

Nimeona mara nyingi familia yenye upendo ikimnunulia mzee kitabu cha darasa la kwanza na kumwanzishia “embe” na “kikombe”. Nia ni njema, lakini mzee wa miaka sitini aliyelea watoto saba hana haja kubwa na neno “embe”. Tena huona haya.

Tuchukue mfano wa mama aliyekuwa akiuza mawese. Hesabu zake zote alizitunza kichwani: nani amechukua madumu mangapi, nani amelipa, nani bado. Kiharusi kimempata, na mali yake imefungiwa humo kichwani pamoja na maneno. Kwake yeye neno la kwanza la kuzoezwa ni “deni”. La pili “dumu”. Kisha majina ya wateja wake watatu wakubwa. Siku atakayoandika jina la mteja, akaliwekea neno “deni” mbele, na tarakimu pembeni, watoto wake watajua waende wapi. Hapo zoezi limegeuka kuwa riziki.

Vivyo hivyo mvuvi wa mwalo wa Kibirizi anahitaji “nyavu”, “injini”, “taa”, “dagaa” na majina ya wenzake wa chomboni. Kila mgonjwa, awe nani, anahitaji majina ya watu wa nyumbani mwake, na maneno ya mwili: “maumivu”, “dawa”, “choo”, “baridi”. Mcha Mungu atataka neno la ibada yake. Kaeni na mgonjwa mwenyewe, mwonesheni vitu na picha, mwacheni achague kwa kidole au kwa kutikisa kichwa. Neno alilolichagua yeye atalipigania.

Jinsi ya kufanya

Chagueni maneno matano, si zaidi. Tafuteni daftari, kalamu nene, na vipande vya boksi vilivyokatwa kama karata. Kisha, kwa kila neno, fuateni hatua hizi:

Kwanza, mwekeeni mgonjwa kitu chenyewe au picha yake, na mlitaje jina lake polepole, mara moja au mbili.

Pili, andikeni silabi za neno hilo kila moja kwenye kipande chake: ma – we – se. Vichanganyeni, naye avipange. Akiweza, siku zifuatazo mkate herufi mojamoja: m, a, w, e, s, e.

Tatu, alinakili neno zima mara kadhaa, huku analitazama. Akiweza kulitamka anapoandika, na atamke. Asipoweza, asilazimishwe.

Nne, lifunikeni neno, aliandike kutoka kichwani. Lifunueni, alinganishe mwenyewe. Likiwa na kosa, msimgombeze wala msilikate kwa wino mwekundu. Aandike tena chini yake kwa usahihi.

Tano, litumieni neno hilo siku hiyohiyo katika jambo la kweli. Ameandika “chai”, apewe chai.

Nusu saa kwa siku yatosha, na ni heri iwe asubuhi kabla hajachoka. Akichoka, acheni. Maneno matano yakishasimama, ongezeni mengine, huku mkiyarudia ya kwanza kila baada ya siku chache, maana yasiporudiwa hupotea. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu zangu, katika kazi hii lugha yetu inatusaidia. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, na kila irabu ina sauti yake. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Mwingereza mwenye afasia lazima ayakumbuke maneno mengi ambayo herufi zake hazifuati sauti. Mswahili anayo njia ya pili: akilisikia neno vipandevipande, sauti yenyewe yaweza kumwongoza hadi kwenye herufi. Magumu yapo, kama vile “ng’ombe”, “nyumba”, “dhahabu”, au “mtu” ambalo m yake imesimama bila irabu. Hayo yaje baadaye. Vitenzi virefu kama “nitakupelekea” navyo vingoje. Majina mafupi yatangulie.

Mkono, herufi na lugha

Mambo matatu ya huku kwetu yanahitaji uangalifu.

La kwanza ni mkono. Mkono wa kulia ukilegea, mgonjwa itambidi aandike kwa wa kushoto. Wengi wetu tumelelewa kuuepuka mkono wa kushoto katika kula na katika kupeana vitu, na wapo wazee wanaokataa kalamu kwa sababu hiyo. Waelezeni kwa upole kwamba kalamu si sahani, na kwamba mkono uliobaki mzima ni neema ya kutumiwa. Mwandiko utakuwa mbaya wiki za kwanza. Unyooke au upinde, madamu unasomeka.

La pili ni herufi. Hapa Ujiji na katika vijiji vya mwambao wapo wazee ambao herufi zao za kwanza zilikuwa za Kiarabu, walizojifunza chuoni, na wengine huandika Kiswahili kwa herufi hizo. Wapo pia waliojifunza herufi za Kilatini wakiwa watu wazima, katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Yawezekana baada ya kiharusi mtu akabakiwa na hati moja zaidi ya nyingine. Mjaribuni kwa zote mbili, mtumie ile iliyo hai. Na kama mtu hakuwahi kusoma wala kuandika, msimfanye kuandika kuwa tiba ya kwanza. Kwake zitumike picha, vitu vyenyewe na ishara. Pia msimpime kwa kipimo ambacho hakuwa nacho. Aliyekuwa akiandika “karamu” kwa maana ya “kalamu” kabla ya kuugua, hilo si dalili ya ugonjwa wake.

La tatu ni lugha. Wengi wa wagonjwa wetu wana Kiha cha mama na Kiswahili cha sokoni. Wengine Kirundi, Kibembe au lugha nyingine za ng’ambo ya ziwa. Katika karne ya 19 Wafaransa wawili walitofautiana katika jambo hili: Théodule Ribot alisema ya kwanza kujifunzwa ndiyo hudumu, na Albert Pitres, mwaka 1895, akasema aghalabu hutangulia kurudi ile iliyokuwa ikitumika zaidi. Wagonjwa wamewaunga mkono wote wawili, kila mgonjwa kwa namna yake. Basi msimkataze mgonjwa kusema Kiha kwa kuwa daftari ni la Kiswahili. Lugha itakayofunguka kwanza ndiyo mlango.

Haki ya kuulizwa

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma. Mara nyingi mtu mwenye afasia huketi katikati ya kikao cha familia kama samani. Shamba lake linazungumzwa, matibabu yake yanaamuliwa, wosia wake unatungwa, na hakuna anayemgeukia. Mwishoni kidole chake huchovywa kwenye wino. Wanaofanya hivyo si wabaya wote. Wengi wanaamini kweli kwamba hasikii wala haelewi.

Andikeni vipande vitatu: NDIYO, HAPANA, SIJUI. Muulizeni maswali mafupi, moja baada ya moja, mkimpa muda. Ili mjue kama anaelewa, anzeni na maswali ambayo jibu lake mnalijua, na mengine yawe ya uongo: “Wewe ni baba wa fulani?” kisha “Nyumba hii ipo Tabora?” Akijibu sawasawa mara kadhaa, mna msingi wa kuendelea. Swali zito liulizeni kwa njia mbili, siku mbili tofauti, mbele ya shahidi asiye na maslahi. Na ikiwa haelewi, basi jambo la mali lingoje, au lipelekwe kwa wenye mamlaka ya kisheria. Kidole kilicholazimishwa si ridhaa.

Maneno matano ya daftarini nayo yanaingia hapa. Mtu anayeweza kuandika “shamba” na “hapana” amerudi kwenye kikao.

Huduma na wajibu wetu

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno nchini, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Afrika Mashariki imeanza kuwafundisha wake. Chuo Kikuu cha Makerere, kwa jirani zetu Uganda, kilianzisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008. Mkifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, waelezeni wahudumu kwa uwazi kwamba mgonjwa hasemi au hawezi kuandika, pamoja na kwamba hatembei, ili jambo hilo liandikwe kwenye cheti chake na mpate ushauri au rufaa. Familia nyingi hutaja mguu na kusahau maneno.

Wakati tukingoja wataalamu, tunao watu. Kila kata ina walimu wastaafu waliofundisha silabi kwa maelfu ya watoto, na walimu wa chuoni waliofundisha alifu na bee. Nawaomba wawatembelee wagonjwa majumbani, mara moja au mbili kwa wiki, kwa kushirikiana na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wazisimamie daftari hizi. Waende wakijua wanamfundisha mtu mzima anayekumbuka zaidi ya anavyoweza kusema.

Nanyi mlio wazima, pimeni shinikizo la damu zahanati; likiwa juu, mezeni dawa kila siku hata mkijisikia vyema, maana hilo ndilo linaloongoza kuleta kiharusi. Mkiona uso wa mtu umepinda ghafla, mkono umelegea, au maneno yamevurugika, mpelekeni hospitali saa ileile. Msimpe chakula wala kinywaji kabla hajachunguzwa, maana koo nalo laweza kuwa limelegea, akapaliwa.

Ndugu wananchi, ninajua baadhi yenu mmeacha nyumbani mtu wa namna hii. Jioni ya leo mkifika, kaeni mbele yake pale anapoweza kuwaona, zimeni redio, mmtajie jina lake na lenu. Mwekeeni daftari na kalamu. Muulizeni neno la kwanza analolitaka, kisha mnyamaze, mmpe muda mrefu kuliko mliozoea. Likichukua dakika tano, lichukue.